Shajara ya bodi ya Changu: kipi kiwekwe, kipi kiachwe

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo vijana walipoondoka nimemwaga boksi la bodi mbovu juu ya meza: vibao vidogo vya saketi, kila kimoja na chipu inayopokea programu. Ziko kumi na tisa. Zote zimefia mikononi mwa wanafunzi wangu wa Jumamosi, hapa kwenye chumba cha nyuma ya duka la fundi redio, Ngamiani, Tanga. Sikuwahi kuzitupa, kwa kuwa kila moja ilinunuliwa kwa fedha ambayo mzazi fulani aliitoa kwa kujibana, na nilitaka kujua kila moja imeuawa na nini.

Nimekaa na mita na kioo cha kukuzia mpaka adhana ya magharibi. Saba zimeng'oka mdomo wa USB, ule mdogo wa simu za zamani, umeondoka pamoja na shaba iliyokuwa chini yake. Tano zimeungua regyuleta, kile kifaa cha kushusha volti ziifae chipu. Tatu zilitiwa volti 5 kwenye pini (mguu wa kuunganishia waya) inayovumilia 3.3 tu. Mbili ziligeuziwa betri. Mbili zilipiga shoti kwa kuwekwa juu ya vipande vya waya vilivyobaki mezani.

Hakuna hata moja iliyokufa kwa sababu chipu yake ilikuwa na kasi ndogo, wala kwa kukosa kumbukumbu. Lakini nikifungua daftari langu la mwaka jana, ambamo nimekuwa nikiandika ninayoyataka kwenye bodi tutakayoiunda wenyewe, kurasa mbili nzima ni kasi, kumbukumbu, kioo cha rangi, nafasi ya kadi ya memori, spika, maikrofoni. Mdomo wa USB haujatajwa popote.

Kurasa hizo nimezifunga. Kuanzia leo, kitu kinachoomba nafasi kwenye bodi kijibu swali moja kati ya mawili. Kingeokoa bodi ipi kati ya hizi kumi na tisa? Au ni kazi gani ya vijana isiyowezekana bila hicho? Kazi zenyewe nazijua: kupima kina cha maji kwenye simtanki, kuendesha mashine ya kutotolesha vifaranga kwa nyuzi 37.5 kwa siku 21, na kumwagilia bustani ya mboga usiku wakati pampu ya mtaa ina nguvu.

Jina tayari tunalo. Amelitoa binti mmoja wa kidato cha tatu: Changu. Ni samaki anayeuzwa hapa ufukweni kila asubuhi, na ndilo neno mtu analolisema akishika kitu alichokiunda kwa mkono wake.

Jumapili, 19 Januari

Siku ya chipu. Nimebakiza nne, na nilitaka nizitendee haki zote.

ATmega328P ndiyo iliyonifundisha mimi mwenyewe, kupitia bodi ya kujifunzia ya Arduino Uno. Ni ya biti 8, inakwenda megahezi 16, ina kilobaiti 32 za programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. Ina fadhila moja ambayo hizi mpya zimeipoteza: inapatikana katika umbo lenye miguu 28, unaikalisha kwenye soketi, ikifa unaing'oa kwa bisibisi na kuweka nyingine. Tena inaishi kwenye volti 5, kwa hiyo zile bodi tatu zilizokufa kwa volti 5 zingekuwa hai. Nimeifikiria muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Iliyoniangusha ni simtanki: mama wa nyumbani hataki kusimama chini ya tanki kusoma taa, anataka simu yake imwambie. Chipu hii haina redio ya kuzungumza na simu, na kuiongezea ni kununua bodi ya pili.

RP2040 ya Raspberry Pi, iliyotoka 2021, ina mioyo miwili ya kukokotoa, ya megahezi 133, na kilobaiti 264 za kumbukumbu. Ninachokipenda zaidi ni kwamba programu yake ya kupakia imechongwa ndani ya chipu kiwandani. Mwanafunzi hawezi kuifuta hata akitaka. Ukishika kitufe na kuchomeka waya, inajitokeza kwenye kompyuta kama fleshi ya kawaida, unaburuta faili, basi. Kwa darasa hiyo ni neema. Lakini nayo haina redio, kumbukumbu ya programu inawekwa kando kwenye chipu nyingine, na miguu yake 56 imepangwa kwa nafasi ya milimita 0.4. Siwezi kumwambia mtoto achomee hiyo kwa pasi ya lehemu.

ESP32 ya kwanza, ya mwaka 2016, ndiyo iliyojaa kwenye boksi langu, na vijana wanaijua. Ina waifai na Bluetooth, na kasi ya megahezi 240. Tabu zake nazo tunazijua. Inahitaji chipu ya pili ya kuizungumzisha na USB, na chipu hiyo inahitaji draiva, programu ndogo ya kuifanya kompyuta iitambue. Nusu ya Jumamosi zetu za mwanzo ziliishia kutafuta draiva kwenye kompyuta za kuazima. Pini 34 hadi 39 zinapokea tu, hazitoi. Na nusu ya pili ya pini za kusoma volti haisomi chochote pale waifai inapowashwa. Kijana aliyeunganisha kihisi cha udongo kwenye pini 25 alikaa wiki mbili akiamini amekiharibu yeye.

Iliyobaki ni ESP32-C3. Moyo mmoja wa muundo wa RISC-V, megahezi 160, kilobaiti 400 za kumbukumbu, waifai, na USB iko ndani ya chipu yenyewe. Unachomeka, kompyuta inaiona. Chipu ya pili imeondoka, draiva imeondoka, na pamoja nazo kristali, transista mbili na kona nzima ya bodi. Nimeichukua hii.

Tunachopoteza nakiandika ili nisije nikajisahaulisha. Pini zinabaki 15, mbili zinaliwa na USB, tunabaki na 13. Haina pini ya kutoa volti za kati wala pini za kugusa kwa kidole. Pini za kusoma volti tunazoziamini ni tano, 0 hadi 4, na hata hizo zinasoma vizuri mpaka kama volti 2.5 tu, potenshomita iliyofungwa kwenye 3.3 itafika juu kabla mkono haujamaliza kuizungusha. Kwa kazi zetu tatu hesabu inatosha. Nimezihesabu pini za mashine ya vifaranga mara mbili: joto na unyevu pini moja, taa ya joto moja, feni moja, mota ya kugeuza mayai moja, kioo mbili, vitufe viwili. Nane.

Sichukui chipu tupu, nachukua moduli yake ya WROOM-02, milimita 18 kwa 20. Antena, kristali na kumbukumbu vimeshawekwa, na miguu yake iko pembeni ambapo ncha ya pasi inafika. Kuna ndogo zaidi, MINI-1, lakini miguu yake imejificha chini ya tumbo.

Jumatano, 29 Januari

Umeme. Nimeandika na kufuta siku nne, na hapa ndipo bodi yetu itakapotofautiana na zile za dukani.

USB kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyoua nyingi. Tunaweka mdomo wa USB-C wenye miguu minne inayopenya hadi upande wa pili wa bodi na kuchomewa kule. Ule mdogo wa zamani ulikuwa umegandishwa juu juu tu, ukiuvuta kwa pembe unaondoka. Na kuna rezista mbili ambazo mtu akiwa na haraka anaziacha: ohm 5,100 kutoka kila mguu wa CC, ule unaoiambia chaja kwamba kuna kifaa kinachotaka umeme, kwenda ardhini, yaani upande hasi. Ziwe mbili, kila mguu na yake. Ukiziacha, waya wenye C pande zote mbili hautoi umeme kabisa, wakati wa zamani wenye A upande mmoja unatoa, na mwanafunzi anaona bodi inawaka nyumbani na kukataa darasani. Raspberry Pi 4 ilipotoka 2019 ilitumia rezista moja kwa miguu yote miwili, ikakataa baadhi ya waya, ikabidi irekebishwe kwenye toleo lililofuata. Kama imewapata wale, sisi tuhakikishe mara tatu.

Sasa regyuleta. Karibu kila bodi ya bei nafuu ina AMS1117. Inapatikana Kariakoo popote, na ukiagiza leo basi la jioni linakuletea kesho asubuhi. Shida ni kwamba inataka takriban volti 1.1 zaidi ya inachotoa. Kutoa 3.3 inahitaji 4.4. Vijana wetu wanatumia betri za lithiamu za 18650 walizozitoa kwenye betri kuukuu za laptopu, ambazo zikijaa kabisa ni volti 4.2 na muda mwingi ziko 3.7. Kwa hiyo tangu dakika ya kwanza regyuleta inakosa pumzi. Chipu inataka angalau 3.0, waifai inawaka na kuvuta zaidi ya miliampea 300 kwa mkupuo, volti inadondoka, bodi inajizima na kujiwasha. Kwa miaka miwili nimewasikia wakisema, "Mwalimu, programu yangu ina kasoro." Programu haikuwa na kasoro.

Mbadala niliouandika kwanza ni AP2112K: miliampea 600, inaridhika na tofauti ndogo ya volti, na yenyewe inakula mikroampea 55 tu. Kwa karatasi ni bora. Lakini haivumilii zaidi ya volti 6 na kitu. Nikarudi kwenye boksi, nikazitazama zile tano zilizoungua. Nne kati yake najua hadithi zake: betri ya sola ya volti 12, au ya bodaboda, imefungwa kwenye pini ya kuingizia umeme, iliyoandikwa VIN. Hapa mtaani betri iliyo karibu na mtoto ni ya volti 12. Nikimpa AP2112K nimempa kitu kizuri kitakachokufa sekunde ile ile.

Nimechagua SPX3819. Inatoa miliampea 500, inafanya kazi mpaka volti 16, na ikipata moto kupita kiasi inajikata. Inakula zaidi ya ile nyingine, hasa mzigo unapokua, na bodi zetu zikilala usiku zitalala kwa gharama kidogo. Nimekubali. Wenzangu wanaounda vifaa vya kukaa porini miaka miwili kwa betri moja wangechagua vingine, na wangekuwa sahihi kwa kazi yao.

Kugeuzwa kwa betri. Dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ingetosha, ila inakula volti 0.3 au zaidi, na kwenye betri iliyobaki na 3.5 hiyo ni nyingi. Nimeweka transista ya aina ya P badala yake, ambayo ikiwaka inakula karibu sifuri. Ilinichukua jioni nzima kuona mtego wake: ukifunga geti, mguu wake wa kuiwasha na kuizima, ardhini moja kwa moja, kama michoro mingi inavyoonyesha, betri iliyogeuzwa haipiti, sawa, lakini ukichomeka USB, transista ile inabaki wazi na volti za USB zinarudi kwenye betri ya lithiamu bila chaja wala kipimo. Hilo ni hatari ya moto. Dawa ni kuunganisha geti na volti za USB, na kuivuta ardhini kwa rezista. USB ikiwepo, betri inafungwa. USB ikiondoka, betri inafunguka.

Rezista hiyo nilianza na ohm 100,000, nikashusha hadi 10,000. Dayodi ya Schottky iliyopo kati ya USB na regyuleta huvuja kidogo kwenda kinyume, na inavuja zaidi kadiri joto linavyopanda. Ndani ya kiboksi cha plastiki juu ya simtanki, mwezi wa pili, hapa pwani, siwezi kuihesabu kama ni sifuri.

Na transista yenyewe nimeibadilisha. AO3401 imezoeleka, lakini geti yake inaishia volti 12, na betri ya sola inapochajiwa hufika 14. AO3407 inavumilia 20. Kapasita za pale umeme unapoingilia nazo ziwe za volti 25, si zile za 6.3.

Jumapili, 2 Februari

Nimeondoa chaja ya betri. Fundi redio, ambaye amechomea vitu kabla mimi sijazaliwa, aliniuliza kwa nini, maana bodi zote nzuri zinayo. Nikamwambia, "Mzee, betri hizi ni za kuokoteza. Moja ina uwezo wa miliampea-saa 2000, nyingine imebaki na 400, na kwa macho zinafanana." Chaja ikiwa ndani ya bodi kasi yake imechaguliwa na mimi, wakati betri inachaguliwa na mtoto. Chaja ya TP4056 kwenye kibodi chake kidogo chenye ulinzi inauzwa peke yake, ikiharibika inatupwa peke yake. Mzee akatikisa kichwa, akasema tu niandike kwa herufi kubwa kwamba bodi haichaji.

Vimeondoka pia kadi ya memori, kioo cha rangi, spika na maikrofoni. Hakuna kazi kati ya tatu iliyoviomba.

Jumamosi, 15 Februari

Leo tumefanya bodi za karatasi. Nilikata manila kwa kipimo kamili, vijana wakachora pini kwa kalamu, wakaziweka juu ya bredibodi zao, zile mbao za matundu za kuunganishia waya bila kuchomea, na kujifanya wanaunganisha waya. Nimejifunza mengi leo kuliko mwezi mzima wa kukaa na kompyuta.

Upana kwanza. Bodi nyingi za ESP32 zina milimita 25.4 kati ya safu mbili za pini. Ukiipachika kwenye bredibodi, upande mmoja unabaki na tundu moja na upande wa pili haubaki na kitu, kila pini ya upande huo imefunikwa. Vijana wamekuwa wakiunganisha bredibodi mbili kwa sababu hiyo, na walidhani ndivyo inavyotakiwa. Yetu itakuwa milimita 22.86. Tundu moja linabaki kila upande. Pico, bodi ya Raspberry Pi yenye RP2040, ina 17.78 na inaacha mawili, ila moduli yetu ina upana wa 18 na hakuna namna ya kuipenyeza humo.

Maandishi. Namba iliyoandikwa kando ya pini iwe ile ile inayoandikwa kwenye programu. Kwenye bodi ya NodeMCU yenye chipu ya ESP8266, D1 ni pini 5 na D2 ni pini 4, na nimeshindwa kumweleza mtoto yeyote kwa nini, maana sababu haimhusu. Maandishi yawe juu na chini ya bodi, kwa kuwa mtu anayechomea anaitazama ikiwa imepinduliwa.

Lugha tumebishana. Kijana mmoja alitaka GND iandikwe ARDHI. Nilikuwa upande wake mpaka binti wa kidato cha tatu akashika kihisi cha joto na kusema, "Hapa pameandikwa GND, mwalimu. Nikitafuta GND kwenye Changu nisiione, nitaweka wapi?" Amemaliza mjadala. Majina yaliyochapwa kwenye vihisi vya dukani yanabaki kama yalivyo. Yaliyo yetu wenyewe yanaandikwa kwa Kiswahili: kitufe kimoja PAKIA, kingine ANZA UPYA, na chini ya skrubu za betri HAICHAJI, kama Mzee alivyotaka.

Pini tatu zilizokufa kwa volti 5 zote ziliuawa na kihisi kimoja, HC-SR04, kile cha kupima umbali kwa sauti ya kilohezi 40. Unakipa volti 5, kinajibu kwa volti 5. Kila somo linasema weka rezista mbili za kugawanya, na kila mwanafunzi anaona kihisi kinafanya kazi bila hizo, kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo rezista tunaziweka sisi, ohm 10,000 na 20,000, zinashusha 5 hadi 3.3. Zinaingia kwenye pini 3, na tundu lake limeandikwa 5V NDANI. Rezista mbili kwa kazi hiyo! Sijaona bodi ya dukani yenye hili, na sielewi.

Pini nne za kioo kidogo cha SSD1306 tumezipanga GND, VCC, SCL, SDA, hizi mbili za mwisho zikienda pini 6 na 7 za chipu. Nimekataa kuweka soketi ya kukichomeka moja kwa moja kwa sababu vipo vioo vinavyofanana kabisa ambavyo GND na VCC vimebadilishana nafasi. Kwa waya mtu analazimika kusoma.

Mwisho tumeongeza mlango mmoja wa nguvu: transista ya AO3400 na dayodi yake, kwa ajili ya pampu ndogo au feni ya volti 12. Umeme wa ukutani, volti 230, hautafika kwenye bodi hii kwa njia yoyote.

Alhamisi, 27 Februari

Mchoro umekamilika kwenye KiCad, programu ya kuchorea bodi, na ukaguzi wake hauna kosa lililobaki. Sehemu ya antena inatokeza nje ya ukingo wa bodi, na chini yake hakuna shaba. Faili zimekwenda kiwandani Shenzhen, China, bodi tano, tabaka mbili. Ramadhani inaingia, Jumamosi zetu zitakuwa fupi.

Jumamosi, 5 Aprili

Zimefika baada ya Idi. Tumechomea tatu, mbili wamechomea vijana wenyewe na mimi nikishika taa.

Zote tatu zimewaka. Kisha nikafanya nilichokuwa nakiogopa. Nikageuza betri: kimya, hakuna joto, nikairudisha sawa, ikawaka. Nikafunga betri ya bodaboda: regyuleta ikapata moto wa kuunguza kidole baada ya dakika moja waifai ikiwa hewani, bodi ikazima, ikapoa, ikawaka tena. Vijana walikuwa wamesogea nyuma kabisa ukutani. Nikavuta waya wa USB kwa pembe, kwa nguvu, mara ishirini. Mdomo umekaa.

Ikilala, taa inayoonyesha umeme umefika ikiwa imekatwa, bodi nzima inakula miliampea 0.1 hivi. Taa hiyo moja ikiachwa inakula 1.3. Kwa betri ya 2000 ni siku 64 za kuwasha taa tu, bila kazi yoyote. Ndiyo maana tumeweka daraja dogo la lehemu la kuikata, na ninafurahi tuliweka.

Jumatatu, 7 Aprili

Kosa limepatikana, na ni la mchoro wangu.

Kijana mmoja alinakili mfano ulioandikwa kwa bodi nyingine, ukitumia pini 18 kama ya kutoa. Kwenye C3 pini 18 na 19 ndizo USB yenyewe. Programu ilipoanza, bodi ikapotea kwenye kompyuta. Hilo tulilijua, na dawa yake ni kitufe: shika PAKIA, bonyeza ANZA UPYA, chipu iingie kwenye hali ya kupokea programu mpya. Ikakataa. Tukajaribu bodi ya pili, nayo ikakataa.

PAKIA inashusha volti za pini 9 hadi sifuri. Lakini ili chipu ikubali, pini 8 lazima iwe juu, yaani na volti karibu 3.3, wakati huo huo. Zote mbili zikiwa chini, haiingii. Na mimi pini 8 nilikuwa nimeipa taa ya LED, kupitia rezista kwenda ardhini. Taa ile ilikuwa inaishusha kila mara. Siku zote za majaribio hatukuona kwa sababu USB ilikuwa hai na kompyuta ilipakia bila kitufe. Kitufe kinahitajika siku ya maafa tu, na siku hiyo ndiyo kilichoshindwa.

Nilijaribu kuivuta juu kwa ohm 10,000 bila kuondoa taa. Mita ikasoma volti 1.9, chipu inataka karibu 2.5 ndipo iihesabu kuwa juu. Nikaing'oa taa. Bodi ikaingia kwa kubonyeza mara moja, na programu ya kijana ikafutika. Nilimwambia kwamba kosa lake limeokoa bodi zote zitakazofuata. Alikuwa amekwisha kuomba radhi mara tatu.

Toleo la pili: taa inahamia pini 10, ikiwaka pale programu inaposema juu, kama mtoto anavyotarajia. Kulikuwa na njia ya kuiacha kwenye 8 kwa kuifunga upande wa volti 3.3, lakini hapo ingewaka ikiambiwa chini, na somo la kwanza kabisa la kila mwanafunzi ni kuwasha taa hiyo. Pini 8 inapata rezista yake ya kuivuta juu. Na kabla ya kutuma faili, kitufe cha PAKIA kitakuwa jambo la kwanza kwenye karatasi ya majaribio, si la mwisho.

Jumamosi, 24 Mei

Toleo la pili limechomewa na vijana watano, kila mmoja yake. Kila mmoja amepewa programu ya pini 18 kwa makusudi, akaipoteza bodi yake, akaiokoa mwenyewe kwa kitufe. Mmoja alishangilia kwa sauti mpaka Mzee akachungulia kutoka dukani.

Moja iko juu ya simtanki ya nyumba ya jirani tangu Jumatano. HC-SR04 ya kawaida haikufaa pale. Mvuke wa tanki unaingia kwenye vikombe vyake viwili. Tumeweka JSN-SR04T isiyopitisha maji, ila hiyo haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hivi, kwa hiyo tumeinyanyua juu ya mfuniko kwa kipande cha bomba. Leo saa nne asubuhi simu ya mama mwenye nyumba ilisema maji yako sentimita 63 chini, na fimbo ikasema 64.

Nilipofungua kiboksi nimeona weupe kwenye skrubu za betri. Siku tatu tu. Upepo wa bahari umeingia kwenye tundu la waya. Binti wa kidato cha tatu ameahidi kuleta rangi ya kucha isiyo na rangi. Jumamosi ijayo tunapaka bodi mbili nzima, tukiziba kwa utepe mdomo wa USB, skrubu, vitufe na antena, na bodi ya tatu tunaiacha tupu ikae kando yao.